Mawazo ya Chakula Yasiyokoma: Kujinyima, Kula kwa Ratiba, Tiba ya Mazungumzo au Sindano?

Kuna watu ambao, tangu wanapoamka hadi wanapolala, chakula hakiwatoki akilini. Wakinywa chai ya asubuhi huwa wanawaza cha mchana. Wakiwa kikaoni huhesabu chapati walizokula na kujiuliza kama zimezidi. Wakirudi nyumbani hupita jikoni mara kwa mara bila njaa ya kueleweka, wakafunua sufuria, wakafunika, wakarudi sebuleni na wazo lile lile. Jamii huwaita waroho, nao hulipokea jina hilo kwa aibu, ilhali wengi wao hawali zaidi kuliko wenzao. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao, na yanalinganisha njia nne ambazo watu huzifikiria wanapotafuta utulivu, yaani kujinyima, kula kwa ratiba, tiba ya mazungumzo, na sindano za kupunguza hamu ya kula. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo inayokimbiliwa na wengi, mara nyingi ndiyo inayozidisha tatizo. Ya pili ni msingi ambao karibu kila mtu anapaswa kuanza nao. Na mbili za mwisho huchaguliwa kwa kuangalia chanzo cha mawazo yenyewe.

Kabla ya kuchagua: mawazo yanatoka wapi?

Mtu asiyepata chakula cha kutosha, iwe kwa ukata au kwa kuruka milo kwa sababu ya kazi, huwaza chakula kwa sababu mwili wake unadai haki yake. Huyo hahitaji mshauri wala sindano. Anahitaji chakula, na ni dhuluma kumwambia kwamba tatizo lake ni la kisaikolojia.

Wapo pia ambao chanzo chao hugundulika kwa vipimo vya kawaida vya hospitali. Njaa isiyokatika inayoambatana na kiu na kukojoa mara kwa mara ni sababu ya kupima sukari bila kuchelewa. Kula sana huku mwili ukikonda na moyo ukienda mbio kunaweza kuashiria kwamba tezi ya thairoidi, iliyopo shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Mwanamke anayetamani udongo wa pemba, mchele mbichi au barafu, awe mjamzito au la, apimwe wingi wa damu, kwa maana tamaa ya namna hiyo huonekana mara nyingi kwa watu waliopungukiwa madini ya chuma. Baadhi ya dawa huongeza hamu ya kula, kwa mfano prednisoloni, na olanzapini inayotumika katika magonjwa ya akili. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake, bali amweleze daktari aliyemwandikia. Nataja pia vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti cha daktari, ambavyo vingine huwa na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, kwa kuwa nimesikia wengi wakilalamikia njaa isiyoisha bila kuhusisha na kidonge wanachomeza kila jioni. Usingizi mchache nao huongeza njaa, na mlinzi au muuguzi wa zamu za usiku anapaswa kulihesabu hilo kabla ya kujilaumu.

Kujinyima na kula kwa ratiba

Hizi mbili nazilinganisha pamoja kwa sababu mtu hawezi kuzifuata zote kwa wakati mmoja, na kwa sababu hapa ndipo makosa mengi hutokea. Anayejinyima huruka kifungua kinywa, hujipigia marufuku wali, chapati na chipsi, na huhesabu kila kijiko. Anayekula kwa ratiba hufanya kinyume chake, kwani hula kwa saa zilizopangwa hata siku ambayo jana yake alizidisha.

Ushahidi mzito kuhusu kujinyima ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani. Kuanzia Novemba 1944, mwanafiziolojia Ancel Keys na wenzake, waliokuwa wakitafuta namna bora ya kuwalisha watu wa Ulaya waliodhoofishwa na njaa ya vita, walichunguza vijana 36 wenye afya njema ya mwili na akili waliojitolea baada ya kukataa kupigana kwa sababu ya dhamiri. Kwa wiki 24 vijana hao walipewa takribani kalori 1,570 kwa siku, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 hivi kila wiki, hata wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Watu ambao awali hawakuwa na habari na mapishi walianza kukusanya vitabu vya mapishi, kuota chakula, kulamba sahani, na kuuvuta mlo mmoja kwa muda mrefu ili usiishe. Mazungumzo yao yote yaligeuka kuwa ya chakula. Na chakula kiliporudishwa, mawazo hayakuondoka mara moja, kwani baadhi walikula hadi kuumwa huku wakisema bado wana njaa. Anayesoma habari hizi anapaswa kukumbuka kwamba mipango mingi ya kupunguza uzito inayosambazwa leo kwenye simu humtaka mtu ale kalori 1,200.

Mwili una njia zake za kudai. Leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman jijini New York, hutolewa na mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Akiba ikipungua, leptini hushuka na ubongo huanza kumsukuma mtu atafute chakula. Ghrelini, iliyoelezwa mwaka 1999 na Masayasu Kojima na wenzake wa Japani, hutoka tumboni na hupanda kabla ya mlo. Utafiti wa Melbourne nchini Australia uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuata watu 50 waliopunguza uzito kwa lishe kali ya wiki 10, na ukaonyesha kwamba mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa, na wao wenyewe walijisikia wenye njaa zaidi kuliko awali. Kwa hiyo mtu anayejinyima na kisha kushindwa hajashindwa kwa ulegevu wa nia, maana ameshindana na mfumo uliojengwa ili asife njaa.

Akili nayo ina tabia inayofanana na hiyo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwataka wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano. Hawakuweza, na waliporuhusiwa kumfikiria baadaye, walimfikiria mara nyingi kuliko wale ambao hawakuzuiwa tangu mwanzo. Anayejiambia kutwa nzima kwamba hatawaza maandazi anajiwekea maandazi mbele ya macho.

Ratiba hufanya kazi kwa sababu inaondoa sababu mbili kwa pamoja, yaani njaa yenyewe na marufuku. Christopher Fairburn wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye kazi yake imeathiri sana matibabu ya matatizo ya ulaji duniani, aliiweka kuwa msingi wa tiba yake: milo mitatu, vitafunwa viwili au vitatu vilivyopangwa, na pengo kati ya mlo na mlo lisizidi saa nne wakati mtu yuko macho. Kwa mtumishi wa duka la Kariakoo anayefungua saa mbili asubuhi, siku inaweza kuwa hivi: chai ya maziwa, mihogo ya kuchemsha na yai saa moja; ndizi mbivu na karanga kiganja kimoja saa nne; wali, maharage na mchicha kwa mama ntilie saa saba; kiazi kitamu au chungwa saa kumi; kisha ugali wa dona, dagaa na mboga saa moja na nusu usiku. Hakuna chakula cha ghali hapo, wala hakuna kilichopigwa marufuku. Wazo la chakula likimjia saa tano, hahitaji kubishana nalo. Anajua kwamba amekula saa nne na atakula saa saba, na wazo linaahirishwa hadi saa hiyo. Kuahirisha kuna tofauti kubwa na kukataza, kwa sababu anayeahirisha anajua kwamba atakula.

Ugumu wa ratiba upo, nao nausema bila kuficha. Wiki za mwanzo mtu huogopa kunenepa, na hujikuta anatakiwa kula akiwa hana njaa, kwa kuwa ishara zake za njaa na shibe zimevurugika na huchukua muda kurudi. Nyumbani nako kuna shinikizo, maana kwetu kukataa chakula ni kumvunjia heshima aliyekipika. Mgeni wa shangazi aliyepakuliwa sahani saa tisa anaweza kusema, “Asante sana shangazi, nimekula saa saba na nimeshiba, niwekee, nitakula jioni,” na mara nyingi itatosha, kwa sababu hakukataa chakula bali amekisogeza. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari apange saa zake pamoja na daktari.

Swali la Ramadhani huulizwa kila mwaka, na jibu langu ni fupi. Kwa mtu mzima mwenye afya, funga si sawa na kujinyima ninakokuzungumzia, kwa kuwa ina mwisho unaojulikana kila magharibi, na futari huliwa bila hatia. Lakini kwa mwenye historia ya kujishindisha na njaa, au ya kula kwa kupindukia kisha kujitapisha, mwezi huo unaweza kuamsha ugonjwa, na mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Azungumze na daktari na shehe wake kabla mwezi haujaandama.

Tiba ya mazungumzo

Ratiba ikifuatwa kwa uaminifu kwa mwezi mmoja au miwili na mawazo yakabaki pale pale, au mtu akigundua kwamba hula ili kutuliza hasira, upweke au hofu, basi mazungumzo na mtaalamu yana nafasi yake. Yana nafasi mapema zaidi kwa anayekula kiasi kikubwa kwa siri huku akihisi hawezi kujizuia. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliutambua ulaji huo wa kupindukia kuwa ugonjwa unaojitegemea, unapotokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Sikubaliani na wanaouita ulafi. Kiongozi wa dini anayemwambia mtu kama huyo kwamba atubu dhambi ya ulafi, hata kama nia yake ni njema, anamwongezea aibu ile ile inayomrudisha jikoni usiku.

Tiba inayopendekezwa zaidi ni ile inayochunguza uhusiano wa mawazo, hisia na matendo. Kwa mtu ambaye uzito wake haujapungua mno, mpango wa Fairburn ni vikao 20 kwa takribani wiki 20. Kazi kubwa hufanyika nje ya chumba cha mshauri, kwenye daftari. Mgonjwa huandika palepale alichokula, saa, mahali, na kilichotangulia. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: “Jumanne, saa kumi na mbili jioni, nusu mkate na siagi, nimesimama jikoni, mkubwa wangu wa kazi amenisema mbele za watu, sijala tangu chai ya asubuhi.” Anayesoma mstari huo pamoja na mshauri huona mambo mawili ambayo peke yake angeliona moja tu. Kulikuwa na kudhalilishwa, ndiyo, lakini kulikuwa pia na saa kumi za njaa. Angeondoa njaa hiyo, huenda kudhalilishwa kungeishia kwenye machozi au kwenye simu kwa rafiki.

Kikwazo ni upatikanaji. Wataalamu waliobobea katika matatizo ya ulaji ni wachache katika ukanda wetu, ingawa hospitali kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mkoani Dodoma na Mathari jijini Nairobi zina madaktari wa afya ya akili. Jambo la kutia moyo ni kwamba mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 unapendekeza, kwa mtu mzima mwenye ulaji wa kupindukia, aanze na kujisaidia kwa kufuata programu iliyoandikwa huku akisimamiwa kwa vikao vifupi. Hilo linaweza kusimamiwa na muuguzi au afisa ustawi wa jamii aliyefundishwa, hata mahali ambapo hakuna bingwa. Gharama hutegemea hospitali, kwa hiyo uliza mapema kama bima yako inalipia.

Sindano

Dawa za kundi la GLP-1, kama semaglutidi inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na tirzepatidi inayouzwa kama Mounjaro, ambayo hufanya kazi pia kupitia homoni ya pili, huiga homoni ambazo utumbo hutoa baada ya kula. Hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga na hufika kwenye sehemu za ubongo zinazosimamia njaa. Watumiaji wengi husimulia jambo moja, kwamba kichwa kimenyamaza. Katika utafiti mdogo wa watu 30 wenye unene uliochapishwa mwaka 2017, waliopewa semaglutidi walikula takribani robo pungufu walipoachwa wale watakavyo, na hamu yao ya vyakula ilishuka. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021, uliohusisha watu 1,961, ulionyesha kwamba baada ya wiki 68 waliochoma sindano hiyo kila wiki walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, dhidi ya asilimia 2.4 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Siwezi kuyapuuza matokeo hayo, na namwonea uchungu mtu aliyehangaika miaka mingi na kuambiwa kwamba kutumia dawa ni uvivu.

Hata hivyo, upande wa pili nao lazima uwekwe mezani. Walioacha sindano hiyo walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza; kwa hiyo anayeanza ajiandae kwa matumizi ya muda mrefu na kwa gharama ya kila mwezi, ambayo si ndogo na ambayo wengi huilipa mfukoni mwao. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ni vya kawaida, hasa dozi inapopandishwa; vijiwe vya nyongo na uvimbe wa kongosho hutokea kwa wachache. Dawa hii hapewi mwenye historia, yake au ya ndugu wa damu, ya saratani ya tezi ya thairoidi ya aina ya medula, wala mjamzito, na anayepanga kushika mimba aache semaglutidi walau miezi miwili kabla. Kalamu ya sindano ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na iliyoanza kutumika isizidi nyuzi 30, jambo ambalo mkazi wa Mombasa, Tanga au Muscat anapaswa kulipangia kabla ya kununua, kwa kuwa umeme ukikatika kutwa nzima dawa inaweza kuharibika pasipo kuonyesha dalili. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi hizo zimepenywa, kununua kalamu kwa mtu wa mtandaoni anayeleta kwa bodaboda ni kucheza na uhai.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote kuhusu sindano ni hili. Ziliidhinishwa kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, au wenye unene, kwa kawaida uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 30 na kuendelea, au 27 ukiambatana na maradhi kama shinikizo la damu. Mtu mwembamba anayewaza chakula kwa sababu anajinyima akipewa dawa ya kuzima njaa atakuwa amenyamazishiwa kengele ya moto huku nyumba ikiendelea kuungua.

Kuzilinganisha kwa muda, na nani achague nini

Kwa kasi, sindano huongoza, maana wengine huhisi tofauti ndani ya wiki chache, ingawa dozi kamili ya semaglutidi ya kupunguza uzito hufikiwa baada ya wiki 16 za kupandishwa polepole. Ratiba huchukua wiki kadhaa kabla ya utulivu kuonekana, na mazungumzo huchukua miezi. Kujinyima hutoa matokeo ya haraka kwenye mizani, na hilo ndilo linalowavuta watu, lakini mawazo ya chakula yanaweza kuongezeka kadiri uzito unavyoshuka. Kwa kudumu, mpangilio unageuka, kwa kuwa aliyejifunza kula kwa saa na kuitambua hisia inayomsukuma jikoni hubaki na ujuzi huo hata mshauri akiondoka, wakati anayetegemea sindano pekee mara nyingi hurudisha sehemu kubwa ya uzito akiiacha.

Kijana wa chuo anayekula mara moja kwa siku ili apungue, na ambaye usiku hawezi kulala kwa kuwaza chipsi mayai, aache kujinyima na aanze ratiba wiki hii. Hahitaji zaidi ya hapo kwa sasa. Mama wa makamo mwenye kisukari na uzito mkubwa, ambaye amekula kwa mpangilio kwa miezi na bado njaa haimwachi, ana haki ya kumuuliza daktari wake kuhusu sindano, na akiipata aendelee na ratiba, kwa sababu asipohisi njaa anaweza kukaa kutwa bila protini na kupoteza misuli. Anayekula kwa siri na kujificha kwa aibu aanze na mazungumzo na ratiba kwa pamoja, hata kama ni mnene. Sindano ije baadaye, ikihitajika, kwa kibali cha daktari anayejua habari zake zote. Na mzazi anayemwona binti yake akikonda, akiwapikia wengine vyakula vizuri huku yeye mwenyewe hali, asisubiri apende kwenda hospitali. Kwa vijana wenye anoreksia, yaani ugonjwa wa kujishindisha na njaa kwa hofu ya kunenepa, tiba yenye ushahidi mzuri ni ile inayowapa wazazi jukumu la kusimamia milo, chini ya uangalizi wa wataalamu.

Ziko dalili ambazo hazingojei ulinganisho wowote: kuzimia, mapigo ya moyo kwenda ovyo, kujitapisha mara kwa mara, kutumia dawa za kusababisha kuharisha ili kupungua, kukatika kwa hedhi, au wazo la kujiua. Mwenye mojawapo aende hospitali leo, afuatane na mtu anayemwamini, na afikapo aseme waziwazi kwamba anaomba kuchunguzwa tatizo la ulaji. Akisema tu kwamba tumbo linamsumbua, huenda akapewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani.